Kijiko Kiko Mkononi mwa Yaya

Mama aliyeajiriwa Kigali ana wiki 14 za likizo ya uzazi. Zilikuwa 12 mpaka sheria ya kazi iliporekebishwa mwaka 2023. Mtoto naye anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, hadi atimize miezi sita, yaani wiki 26. Toa 14 kwenye 26 zinabaki 12. Mama amesharudi ofisini Kiyovu au dukani Nyarugenge, na mtoto yuko Kanombe, Gikondo au Kimironko, mgongoni mwa msichana aliyekuja mjini juzi kutoka Gakenke au Nyaruguru kutafuta kazi. Wiki hizo 12 zikipita na zamu ya uji ikafika, mara nyingi ni huyo msichana anayewasha mkaa, anayekoroga, anayeonja, na anayeshika kijiko.

Rwanda imefundisha kina mama kwa bidii ambayo majirani wengi hawajaifikia. Mwaka 2013 serikali ilianzisha kampeni ya siku 1,000 katika nchi ya vilima elfu, ikihesabu siku tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Baadaye lishe ya watoto ilipewa taasisi yake, ambayo leo inaitwa NCDA, wakala wa taifa wa maendeleo ya mtoto. Wajumbe wa afya wa vijijini na mitaani, wanaoitwa abajyanama b'ubuzima, hupima uzito, hufunga utepe wa rangi kwenye mkono wa mtoto, na huwakusanya kina mama kwenye igikoni cy'umudugudu, jiko la kijiji, ambako kila mmoja huja na alicho nacho: huyu mchicha, yule viazi, mwingine maharagwe au dagaa, wakapika pamoja na kulisha watoto papo hapo. Ukimuuliza mama yeyote Kimisagara imfashabere, chakula cha nyongeza, huanza lini, atakujibu miezi sita kabla hujamaliza swali.

Takwimu zinaonyesha juhudi hizo hazikwenda bure. Mwaka 2005 nusu ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 44, mwaka 2015 asilimia 38, na utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2019-20 ukakuta asilimia 33. Kigali ndiyo iliyokuwa na udumavu mdogo kuliko majimbo yote, asilimia 21, wakati Jimbo la Kaskazini lilikuwa na asilimia 41. Utafiti huohuo ulikuta watoto 81 katika kila 100 wenye umri chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama tu.

Sasa tazama kinachofuata. Kati ya watoto wa miezi 6 hadi 23, waliokuwa wakipata mlo unaofikia kiwango cha chini kinachokubalika, kwa idadi ya milo na kwa mchanganyiko wa vyakula, walikuwa 22 tu katika kila 100. Somo la kunyonyesha limeeleweka. Linalolegalega ni la kulisha, na sidhani sababu ni ujinga wa kina mama. Umaskini una sehemu kubwa, hilo halina ubishi. Yai na maini vina bei. Lakini hata katika nyumba ambazo pesa ya yai ipo utakuta mtoto wa miezi tisa anashindia uji mwepesi wa rangi ya maji ya mtoni, na hapo ndipo swali la nani anayeshika kijiko linapoanza kuwa na maana.

Tuanze na uji wenyewe, maana ndio unaobeba karibu kila kitu.

Kigali ni mji wa igikoma, yaani uji. Unauzwa asubuhi kwenye vibanda Nyabugogo, unapikwa majumbani kwa unga wa ulezi, wa mtama au wa sosoma, ule mchanganyiko wa mtama, soya na mahindi ambao Wanyarwanda wengi wa makamo walilelewa nao. Familia maskini zenye mtoto wa miezi 6 hadi 23 au mjamzito hupewa bure Shisha Kibondo, unga uliotiwa vitamini na madini. Unasagwa na Africa Improved Foods, kiwanda kilichozinduliwa mwaka 2017 katika eneo maalumu la viwanda la Kigali kwa ubia wa serikali, kampuni ya Uholanzi ya DSM na taasisi za fedha za maendeleo. Kiwanda hicho kinawauzia wenye uwezo unga wa namna hiyo katika maduka makubwa kwa jina la Nootri. Kwa hiyo unga mzuri upo, kwa maskini na kwa asiye maskini. Kinachoharibu mambo ni maji.

Mtoto wa miezi sita hadi minane anapata sehemu kubwa ya nguvu zake kwenye ziwa la mama. Kwa wastani, chakula kinatakiwa kumwongezea kilokalori kama 200 kwa siku. Tumbo lake ni dogo: hukadiriwa kubeba gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo nane hujaa kwa robo lita. Uji mwepesi, ule unaomiminika kama chai, unaweza kuwa na kilokalori 30 tu katika mililita 100. Ili apate zile 200 itabidi anywe zaidi ya mililita 650, karibu matumbo matatu. Hawezi, na akijaribu hatakuwa na nafasi ya kunyonya. Uji mzito wa kilokalori 80 kwa mililita 100 humaliza kazi hiyohiyo kwa robo lita, tumbo moja, ambalo unaweza kuligawa mara mbili au tatu kwa siku, na maziwa yakaendelea kuwa na nafasi yake. Akifika miezi tisa anahitaji nyongeza ya kama 300, na baada ya mwaka kama 550. Ukiendelea na uji ule wa maji unakuwa umemwekea mtoto hesabu ambayo haiwezi kutoka.

Kipimo cha uzito wa uji hakihitaji mizani. Chota kijiko, kiinamishe kidogo: uji ukibaki kijikoni unafaa, ukitiririka haufai. Wajumbe wa afya hufundisha hivyo, na ni somo la dakika moja. Lakini yaya hakuwepo darasani. Kwake yeye uji mwepesi una faida zake: hauungui haraka, mtoto anaumeza bila kubishana, unaingia kwenye chupa ukitoboa chuchu kidogo, na kikombe kikiisha upesi mama jioni akiuliza mtoto amekulaje jibu ni zuri. Amekunywa wote. Na kweli amekunywa wote.

Kuna ufundi mmoja wa zamani ambao napenda kuukumbusha kwa sababu kiungo chake kiko sokoni hapahapa Kigali. Miaka ya 1980, watafiti wa lishe wa Tanzania, akiwemo A. C. Mosha aliyefanya kazi na Ulf Svanberg wa Sweden, walichunguza kimea katika kijiji cha Luganga mkoani Iringa. Unapika uji mzito mno, karibu ugali laini. Unauacha upoe kidogo, kisha unakoroga ndani yake kijiko kidogo cha unga wa kimea cha mtama au ulezi. Kimeng'enya kilichomo hukata wanga, na katika muda mfupi sufuria ile nzito inalainika na kumiminika bila kuongezwa tone la maji. Nguvu zote zimebaki ndani, kilichobadilika ni ulaini. Kinyarwanda kimea cha mtama ni amamera, na wapishi wa ikigage, pombe ya mtama, hukinunua kila wiki. Mtu akitaka kujaribu nyumbani akumbuke mambo mawili: vichipukizi vya mtama viondolewe kabla ya kusaga kwa sababu vina sumu ya sianidi, na uji urudishwe jikoni uchemke tena baada ya kutiwa kimea. Sijui kwa nini maarifa haya hayakuenea zaidi. Labda kwa sababu hakuna anayepata faida kuyatangaza.

Asiye na kimea ana njia nyepesi zaidi: kijiko kimoja cha mafuta, cha karanga zilizosagwa, au parachichi lililopondwa. Rwanda ina parachichi mpaka nyingine zinaozea chini ya mti, na ni vigumu kupata chakula cha kuanzia kilicho rahisi kuliko hicho. Halihitaji mkaa wala chumvi, na uma peke yake unatosha.

Karanga zinawatia hofu wengi, hasa wasomi waliosoma habari za mzio. Mwaka 2015 watafiti wa London wakiongozwa na Gideon Lack walitoa matokeo ya jaribio la watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio wa karanga. Waliopewa vyakula vya karanga mapema, kabla ya kutimiza mwaka mmoja, walipata mzio huo mara chache mno kuliko walioepushwa nazo hadi miaka mitano. Kwa hiyo karanga iliyosagwa laini ndani ya uji haina haja ya kusubiri. Karanga nzima ni jambo lingine, hiyo inapalia, na mtoto mdogo asipewe. Hofu inayostahili zaidi upande huu wa dunia ni kuvu. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haionekani wala haiondoki kwa kupikwa. Kiwanda cha Africa Improved Foods kilipoanza kilikuwa kikirudisha sehemu kubwa ya mahindi ya wakulima kwa sababu hiyo, mpaka kikaanza kununua mahindi yakiwa bado kwenye magunzi na kuyakausha chenyewe. Anayenunua unga wa kupima sokoni hana maabara, ana macho na pua tu. Anunue nafaka nzima, achambue, atupe iliyokunjamana au yenye rangi, ndipo apeleke mashineni. Tena asage kidogokidogo. Unga wa miezi mitatu kwenye ndoo si akiba.

Ila uji, hata ukiwa mzito na wa unga safi, una kikomo chake. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alichapisha maelezo ya ugonjwa wa watoto waliovimba miguu, ngozi ikabambuka na nywele zikapauka. Akauhusisha na chakula cha mahindi matupu. Walikuwa watoto waliotolewa ziwani wakapewa uji wa mahindi na si zaidi. Ndio unyafuzi, ambao Wanyarwanda wanauita bwaki, na ambao kila nchi ya Afrika Mashariki imewahi kuujua. Leo hauonekani sana Kigali. Umebaki mdogo wake asiyevimbisha mtu, udumavu, na upungufu wa damu.

Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyopewa na mama tumboni. Inapokaribia miezi sita akiba hiyo inakuwa imepungua sana, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo mno, chini ya nusu miligramu kwa lita. Hapo ndipo chakula kinapopewa kazi ambayo ziwa haliiwezi. Mchicha na maharagwe vinasaidia, lakini mwili hunyonya chuma cha mimea kwa shida. Nyama, maini, samaki na dagaa ndivyo vinavyotoa chuma kinachoingia upesi, na Rwanda ina bahati ya isambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu waliopandikizwa humo mwishoni mwa miaka ya 1950 kutoka Ziwa Tanganyika. Wakaushe, watwange pamoja na vichwa, chekecha, weka unga huo kwenye chupa yenye kifuniko. Kijiko kimoja kwenye maharagwe yaliyopondwa kila siku kinafanya kazi kuliko kuku wa sikukuu. Rwanda pia ina maharagwe yaliyozalishwa kwa makusudi yawe na chuma kingi. Wasichana wa chuo kikuu huko Huye walioyala kwa siku 128 katika jaribio la kisayansi walionekana kuongeza chuma mwilini. Wale walikuwa watu wazima, lakini maharagwe ni haya haya yanayouzwa Kimironko. Muulize muuzaji, atakuonyesha.

Pale ambapo nyama haipatikani zipo pakiti za Ongera, unga wa vitamini na madini unaonyunyizwa juu ya chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23. Unanyunyizwa kwenye chakula kilichopoa kidogo, katika sehemu ambayo mtoto ataimaliza. Ukiutia kwenye sufuria inayochemka umetupa. Haya pia ni ya dakika moja, na haya pia anatakiwa kuyajua anayelisha.

Halafu kuna maziwa, na hapa nagusa kitu kitakatifu. Kigali ina baa za maziwa kama miji mingine ilivyo na baa za bia: watu wazima wameketi, mbele yao bilauri ya maziwa moto au ya ikivuguto, mtindi mzito, na chapati pembeni. Ng'ombe ndiye heshima ya nchi hii, na tangu 2006 mpango wa Girinka umegawa ng'ombe kwa familia maskini. Bibi anaposhauri mtoto aongezewe maziwa ya ng'ombe akiwa na miezi mitatu, kwa kuwa mama amerudi kazini na mtoto analia, anatoa kilicho bora kabisa katika akili yake. Na bado si wakati wake. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo, na yanaweza kuuchubua utumbo wa mtoto mdogo. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 linakubali maziwa ya wanyama kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 ambaye hanyonyi ziwa la mama. Kwa anayenyonya, maziwa ya ng'ombe yanafaa kuingia kama kiungo cha chakula, kijiko katika uji au katika viazi vilivyopondwa, na mtindi pia unafaa. Yakimjaza tumbo kwa chupa tatu kwa siku, chakula kimefungiwa mlango.

Chai ya maziwa na mandazi iko chini kabisa ya orodha yangu. Chai huzuia chuma kisinyonywe, sukari humfundisha mtoto kukataa dagaa, na biskuti iliyolowekwa kwenye chai ni unga na sukari vilivyobadilishwa umbo. Lakini ndiyo kifungua kinywa cha yaya mwenyewe. Unamtazamia amlishe mtoto wako yai huku yeye akiambulia chai na andazi la jana?

Hapa ndipo makala nyingi za lishe hukwepa, na mimi sitaki kukwepa. Kigali inalelewa na wasichana wa majimbo. Wengi wametoka kule ambako udumavu ni karibu maradufu ya ule wa jiji, na wengine wamelea wadogo zao kwa viazi vitupu kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Wanafika mjini wanakabidhiwa mtoto mchanga, jiko la gesi, friji na orodha ya makatazo. Mafunzo yote ya taifa, kuanzia kliniki hadi jiko la kijiji, yamemlenga mama, na mama anapoitwa kwenye jiko la kijiji yuko kazini. Anayebaki nyumbani hakualikwa, na akialikwa hana ruhusa ya kutoka. Akija kujua kazi vizuri ameshapata nyumba nyingine yenye mshahara wa afadhali, na mtoto wa miezi minane, aliyekwisha kuzoea mkono mmoja, anaanza upya na mgeni.

Wiki 12 nilizoanza nazo zinahusika moja kwa moja. Mama akirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu na kitu, ama anakamua maziwa au mtoto anaanzishwa chakula mapema. Kukamua si jambo geni tena Kigali, lakini ni kazi. Sheria inampa mama anayenyonyesha saa moja kila siku, na kwa anayefanya kazi Kiyovu mtoto akiwa Kanombe saa hiyo inaliwa na pikipiki kwenda na kurudi. Kwa bahati jiji liko juu, zaidi ya mita 1,500, na hewa yake ya nyuzi ishirini na kidogo ni rafiki: maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi hukaa saa nne nje ya friji bila kuharibika, na siku nne ndani yake. Yanafaa kunywewa kwa kikombe kidogo, hata na mtoto wa miezi minne. Kikombe kinaoshwa kikatakata. Chupa na chuchu zake zina pembe ambazo brashi haifiki. Kama yaya hakuonyeshwa namna ya kumnywesha mtoto kwa kikombe, ataona maziwa yanamwagika, atayaona mateso, na ataomba chupa. Na wapo wengi zaidi ambao sheria haiwagusi kabisa: muuza mboga wa Nyabugogo, mfua nguo, yaya mwenyewe akijifungua. Hao hurudi kazini wakati wowote njaa inapowarudisha. Bima ya uzazi iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 iliwaokoa waajiriwa, ambao kabla yake wiki sita za mwisho za likizo zingeweza kuwaletea asilimia 20 tu ya mshahara. Wasiokuwa na mwajiri wa kuwakata mchango hawakuokolewa na chochote.

Kwa upande wa kupika, Kampala walifuata njia ambayo Kigali inaweza kujifunza kwayo. Katika hospitali ya Mulago, kitengo cha Mwanamugimu kimekuwa kikitibu watoto wenye utapiamlo tangu miaka ya 1960, na chakula kilichopata umaarufu kupitia kwake ni ekitoobero: ndizi au viazi, kitu cha protini kama maharagwe, karanga au samaki, na mboga, vyote vimefungwa kwenye jani la mgomba na kuvukishwa juu ya chakula cha familia. Ubora wa njia hiyo ni kwamba haiongezi moto wala sufuria. Anayepika chakula cha wakubwa anatupia kifurushi cha mtoto juu yake, na saa ya chakula kipo. Rwanda wana wazo linalokaribiana nalo, inkono y'umwana, chungu cha mtoto. Chungu cha peke yake kinapendeza kwa maneno, ila kwa msichana mwenye jiko moja la mkaa, nguo za kufua na mtoto mgongoni, chungu cha pili ndicho cha kwanza kusahaulika. Mimi ningemwambia apike agatogo ya nyumba nzima, ndizi zake, mchicha wake, nyanya na dagaa, kisha atenge ya mtoto kabla ya kutia chumvi na pilipili, aiponde kwa uma, amalize. Viazi lishe, boga, maharagwe yaliyoiva sana na kuondolewa maganda, yote yanapatikana kwenye sufuria ileile ya watu wazima.

Kumlisha kwenyewe nako ni kazi ya kujifunza. Siku za kwanza ni vijiko viwili vitatu, tena baada ya kunyonya, ili njaa isimfanye mtoto akasirikie kijiko. Atasukuma kwa ulimi. Hajakataa, anafanya alichozoea, maana mpaka jana ulimi wake ulijua kunyonya tu. Mpe tena kesho. Chakula kipya kinaweza kukataliwa mara nane, mara kumi, kabla hakijapokelewa. Kumbana pua na kumshindilia uji, ufundi ambao bibi zetu wengi walikuwa nao, kunaweza kumpalia, na kunamfanya aione saa ya kula kuwa saa ya vita. Akae wima, mwangalie usoni, mngoje ameze, msemeshe. Akigeuza kichwa ameshiba. Hili la kungoja ndilo gumu kuliko yote kwa mtu aliyeajiriwa, kwa sababu mwajiri huhesabu vyombo vilivyooshwa. Dakika ishirini za kuketi chini na mtoto na bakuli zinaonekana kama uvivu kwa anayechungulia kutoka sebuleni.

Mikono kwanza, bila shaka. Rwanda ina kandagira ukarabe, kile kidumu kinachomwaga maji ukikanyaga kijiti, na hata penye bomba mazoea hayo yasipotee. Uji uliopikwa asubuhi usisubiri jioni mezani. Saa mbili zikipita upashwe moto mpaka uchemke au utupwe. Asali ingoje mwaka mmoja. Mtoto akiugua aendelee kunyonya na kula kidogokidogo mara nyingi, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku mpaka arudishe uzito wake. Ziwa liendelee mpaka miaka miwili au zaidi.

Ningekuwa na sauti katika jiji hili ningeomba jambo moja dogo. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Maduka yamefungwa, magari yamesimama, na kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi watu wazima wa mtaa wako pamoja kwenye mitaro na miche, kisha wanakaa kwa mkutano. Ni asubuhi pekee katika mwezi ambayo mama, baba na yaya wako mtaa mmoja kwa wakati mmoja, na mwajiri hawezi kusema msichana ana kazi ya kufanya. Mjumbe wa afya ahamishie jiko la kijiji hapo mara moja tu kwa mwezi. Awaite wanaolisha, si waliozaa peke yao. Mtu wa kwanza kukabidhiwa kijiko na kuambiwa akiinamishe awe yule msichana wa Gakenke. Baba naye, ambaye sasa ana siku saba za likizo mkewe anapojifungua badala ya nne, apewe uma na parachichi.